Paka Naye Huugua



Nyumba yenye gunia la mahindi haikosi panya, na nyumba yenye panya haichelewi kutafuta paka. Ndivyo wengi wetu tulivyompata wa kwanza. Jirani alitugawia mtoto wa paka aliyezaliwa chini ya kitanda chake, nasi tukampokea kwa furaha; watoto wakampa jina na kugombana nani alale naye, na baada ya majuma mawili hakuna tena aliyemwaza. Hujilisha mwenyewe, twasema. Mbuzi akikohoa, baba wa nyumba hapati usingizi, kwa sababu mbuzi ni mali. Kuku watatu wakifa kwa siku moja, mtaa mzima huambiana. Lakini paka akilala siku mbili nyuma ya jiko bila kula, twamruka tu tukichukua sufuria.

Leo twataka kusema habari za mnyama huyo, wala si kwa mchezo, kwa maana mambo mengine tutakayoyaeleza hapa yahusu uhai wa watoto wetu wenyewe.

Tuanze na chakula. Liko wazo la zamani kwamba paka mwenye njaa ndiye mwindaji hodari. Si kweli. Paka huwinda kwa tabia yake ya kuzaliwa. Hata aliyeshiba humrukia panya apitaye, pengine humwua na kumwacha palepale mlangoni bila kumla. Mwenye njaa ya siku nyingi hudhoofika, na mdhaifu hawezi kushindana na panya mkubwa wa ghala. Tena paka si kama mbwa. Mbwa aweza kuishi kwa mabaki ya bukari na mchuzi, lakini mwili wa paka wataka nyama. Katika nyama na samaki mna kitu kiitwacho taurini, ambacho paka hawezi kujitengenezea cha kutosha mwilini mwake. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walionyesha ya kuwa paka akikikosa, macho yake huharibika ndani hata kupofuka. Na mwaka 1987 wengine wa nchi ileile wakaonyesha ya kuwa moyo wake pia hulegea na kupanuka mpaka ukashindwa kazi. Basi paka wa bukari na sombe tupu, ambaye hana hata panya wa kukamata, anakufa polepole machoni petu, nasi twadhani ni uzee.

Hatusemi kwamba mama wa nyumba amnunulie paka nyama ya ng'ombe, wakati watoto hawajaionja tangu Pasaka. Nyama iliyobaki katika kichwa cha samaki yamfaa, ikiisha kupikwa. Yamfaa pia konzi ndogo ya ndakala au sambaza, au vipande vya ini na matumbo ya kuku ambavyo watu hawavitaki. Ndakala wenye chumvi nyingi waoshwe na kulowekwa kwanza. Samaki wabichi wa kila siku si wazuri, kwa kuwa baadhi yao wana kitu kiharibucho vitamini B1. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vya kuchoma koo, na vitunguu huharibu damu ya paka, hata vikiwa vimechanganyika na mchuzi. Maziwa ambayo kila mtu humpa kama zawadi huwaharisha wengi waliokwisha kukua. Kinywaji chake ni maji safi, na bakuli lioshwe kila siku kama sahani ya mtu.

Sasa tutaungama kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na paka jike wa rangi ya majivu, mpole sana, aliyekuwa akitungoja kizingitini kila jioni. Siku moja alikuja akichechemea, mguu umevimba, bila shaka ameumwa na paka mwenzake. Tulimhurumia. Katika kabati tulikuwa na vidonge vya parasetamoli ambavyo mganga aliwapa watoto kwa ajili ya homa. Tukafikiri hivi: dawa imfaayo mtoto mdogo itamdhuru namna gani paka, tukimpa robo tu? Tukampa robo asubuhi, tukampa robo nyingine jioni, tukaisukuma kooni kwa kidole huku watoto wakimshika. Usiku alianza kuhema kwa shida. Kulipopambazuka uso wake ulikuwa umevimba, na ufizi uliokuwa mwekundu umegeuka rangi ya udongo. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Baadaye tulimwuliza mganga wa wanyama, naye akatueleza bila kutuficha. Ini la paka halina nguvu ya kuvunjavunja dawa ile kama liwezavyo ini la mtu. Basi hugeuka sumu ndani ya mwili, na damu haiwezi tena kubeba hewa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumwua paka mzima, na nusu yake yaweza kutosha. Aspirini nayo ni hatari, kwa maana hukaa mwilini mwake siku nyingi. Yule paka hangekufa kwa jeraha la mguu. Aliuawa na huruma yetu, na mtoto wetu aliyekuwa akimshika hajasahau mpaka leo.

Kosa lililo ndugu ya hilo ni lile la dawa za viroboto. Sokoni huuzwa dawa za kumwagia ng'ombe na mbwa kwa ajili ya kupe, na nyingi zina kitu kiitwacho permetrini. Mbwa huistahimili, paka hutetemeka mwili mzima, huanguka kifafa na pengine hufa. Anayetaka kuwaondoa viroboto amchane paka kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, akikichovya katika maji ya sabuni, aanike juani matambara anayolalia na kufagia pembe zote za nyumba. Kama atanunua dawa, aulize kwanza kama ni ya paka. Na anayetega sumu ya panya ndani ya nyumba yenye paka, ajue kwamba panya aliyekula sumu hutembea kizembe siku chache kabla ya kufa, ndiye rahisi kukamatwa.

Juu ya minyoo tutasema machache. Watoto wa paka huipata katika maziwa ya mama yao. Matumbo yao huwa makubwa kama ngoma na manyoya hukosa mng'ao. Dawa huanza kupewa wakiwa na majuma matatu, kwa kipimo cha mganga wa wanyama. Ukiona chini ya mkia vitu vyeupe kama punje za mchele, hizo ni pingili za tegu, na tegu huyo hupatikana kwa kumeza viroboto. Kwa hiyo haifai kitu kuwatoa minyoo na kuwaacha viroboto.

Ugonjwa unaomaliza watoto wa paka kwa siku chache ni ule uitwao tifusi ya paka. Haumwambukizi mtu. Mtoto aliyekuwa akicheza jana leo amejikunyata, hali, atapika, aharisha, akaa mbele ya bakuli la maji bila kunywa. Iko chanjo, nayo huanzishwa akiwa na majuma sita hadi nane na kurudiwa mara kadhaa mpaka atimize majuma kumi na sita hivi. Nyumba iliyofiwa na paka kwa ugonjwa huo isilete mwingine asiyechanjwa, kwa maana mbegu yake huweza kukaa sakafuni mwaka mzima. Sabuni haiiwezi, maji ya javeli huiweza.

Lakini lile tulilolikusudia hasa ni kichaa cha mbwa. Jina lenyewe limewadanganya watu. Kwa sababu huitwa cha mbwa, wazazi humwogopa mbwa wa njiani na kusahau paka aliye mapajani mwa mtoto. Paka aliyeumwa na mnyama mwenye kichaa hukipata vilevile na kukitoa vilevile kwa mate yake, akiuma au akiparura kwa kucha alizozilamba. Dalili yake ya kwanza ni kubadilika tabia: mpole ageuka mkali, mkali ajificha gizani, sauti yageuka, mate yamtiririka, miguu ya nyuma yalegea. Katika nchi yetu ya Kongo ugonjwa huo bado unaua watu, na wengi wa wanaokufa ni watoto, kwa sababu watoto ndio wachezao na wanyama, na wakiumwa huficha wasije wakapigwa.

Basi, enyi wazazi, msimpige mtoto aliyeumwa. Oshweni kidonda palepale kwa sabuni na maji yanayomiminika, kwa muda wa dakika 15 nzima, hata akilia; kisha pelekeni mtoto kituo cha afya siku ileile akachomwe sindano, tena azimalize zote, asiache baada ya ya kwanza kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda hupona upesi; ugonjwa hutembea ndani ya mishipa ya fahamu majuma mengi, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, na dalili zikiisha kuonekana hakuna dawa. Tangu Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister mwaka 1885, watu wengi mno wameokolewa kwa njia hiyo, kila mara kwa sharti hilohilo la kutangulia dalili. Yule paka, kama yawezekana kumfungia bila kumgusa, atazamwe siku kumi; akiwa mzima baada ya hizo, hakuwa na kichaa katika mate yake siku alipouma. Lakini msingoje siku hizo ndipo mwende kwa mganga. Chanjo ya paka mwenyewe hutolewa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa kadiri mganga asemavyo.

Wasomaji wetu wa Ituri, upande wa Mahagi na Djugu, wana neno lao la kuangalia. Kule tauni haijakoma. Mbegu yake, iliyogunduliwa na Alexandre Yersin kule Hong Kong mwaka 1894, hukaa katika panya na viroboto vyao. Na paka alaye panya mgonjwa huugua kwa ukali, huvimba tezi chini ya taya, na akikohoa aweza kumwambukiza mtu kifuani. Mkiona panya wanakufa ovyo na paka ana homa na uvimbe, msimkumbatie wala msimtumbue jipu. Toeni habari kwenye kituo cha afya. Tauni ya watu hupona kwa dawa, ikianza kutibiwa mapema.

Akina mama wajawazito wametishwa sana juu ya paka, na wengine wameambiwa wamtupe. Haja haipo. Kuna kidudu kiitwacho toksoplasma, kiwezacho kudhuru macho na ubongo wa mtoto tumboni, nacho hutoka katika mavi ya paka. Lakini hupatikana pia katika nyama isiyoiva vizuri, na katika mboga za bustani zisizooshwa. Mavi ya paka hayaambukizi siku ileile. Huhitaji siku moja hadi tano. Basi mavi yaondolewe kila siku, tena na mtu mwingine wa nyumba, na mama anawe mikono akitoka bustanini.

Yabaki mambo mawili. La kwanza, watoto wa paka wanaotupwa mtoni ndani ya mfuko. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au sita tu, hubeba siku 63 au 65, na katika mwaka mmoja aweza kuzaa mara mbili au tatu. Mganga wa wanyama aweza kumfunga kizazi, na dume kumhasi. Dume aliyehasiwa hupunguza kutangatanga na kupigana, na kupigana ndiko kunakoleta majipu. La pili ni lile la mawe. Wako wanaompiga paka usiku kwa sababu macho yake yawaka, wakisema ametumwa na mchawi. Macho yale yana utando nyuma unaorudisha mwanga wa taa, kama kioo, basi. Hatupendi watoto wetu wajifunze mchezo huo, kwa kuwa neno hilohilo la uchawi limekwisha kuwatoa yatima wengi nyumbani katika miji yetu.

Mtu atauliza sasa, nitamfikishaje kwa mganga, naye ana kucha? Chukueni kikapu chenye kifuniko, wekeni ndani kitambaa anacholalia siku zote, mkiweke wazi sebuleni siku mbili au tatu ili akizoee na kulala humo. Siku ya safari msimpe chakula asubuhi, fungeni kifuniko kwa kamba, funikeni kikapu kwa kitenge, wala msikiweke juu ya pikipiki kabla ya kukifunga vizuri. Atalia njia nzima. Wetu wa sasa, dume mweusi wa miaka minne, hulia mpaka watu wa barabarani wakageuka, kisha akifika mezani kwa mganga hunyamaza kabisa.