LMD na vyuo vidogo vya walimu: nani atabaki kufundisha kijijini?

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vikuu na ISP za nchi yetu viliagizwa kuingia katika LMD. Zamani mwanafunzi alisoma miaka 3 akapata gradua, kisha miaka 2 akapata lisanse. Sasa lisanse ni miaka 3. Wazazi wamefurahi, kwa kuwa minervali ya miaka 5 imekuwa ya miaka 3, nami nimefurahi pamoja nao.

Lakini LMD inahesabu kwa krediti, 60 kila mwaka, na krediti haihesabu tu saa za kukaa mbele ya profesa. Inahesabu pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma vitabu, kutafuta kwenye intaneti, kuandika. Mjini hilo ni gumu, ila linawezekana. Mimi nimefundisha kozi ya maadili katika chuo kimoja kidogo cha walimu hapa Ituri. Maktaba ni kabati moja, ufunguo uko mfukoni mwa katibu. Mashine ya umeme inawashwa siku ya kuchapisha mtihani. Profesa anatoka mbali, anamaliza kozi nzima kwa siku sita, asubuhi hadi jioni, kisha anapanda pikipiki kurudi. Nauli yake, chumba na chakula vinatoka katika minervali ya wanafunzi wasiofika hamsini. Ile kazi ya mwanafunzi mwenyewe inabaki kwenye karatasi tu.

Kwa hiyo serikali inapodai walimu wenye udaktari na maktaba ya kweli, haisemi uongo. Wala sitatetea kila kibao kilichotundikwa barabarani. Sisi makanisa tumefungua vyuo kwa kushindana: jirani ana chake, basi nasi tuwe na chetu.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, tufanye hesabu nyingine. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Septemba 2019. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza wakati ule, kama hakurudia mwaka, alifika la saba Septemba 2025. Kundi hilo kubwa sasa linahitaji mwalimu wa hesabu, wa fizikia, wa Kifaransa, na kazi ya ISP ni kuwaandaa walimu hao. Shule nyingi za vijijini ziko mikononi mwetu, kwa Mkataba wa 26 Februari 1977 ambao serikali iliweka na makanisa baada ya kuzitwaa shule mwaka 1974. Wanaofundisha humo ni watoto wa mahali, waliosoma chuo cha karibu huku wakilima.

Chuo hicho kikifungwa, binti wa mkulima aliyekuwa akitembea saa moja kwenda darasani hatapangishiwa chumba Bunia, tena kwa barabara hizi na usalama huu. Kijana atakayekwenda mjini ni nadra arudi, hasa akijua kwamba atangojea matrikule miaka kadhaa, akiishi kwa kile wazazi wa wanafunzi wanachochanga, bila mshahara wa serikali.

Kuna kufunga, na kuna kuunganisha. Kuunganisha kunaweza kuwa na maana ya kuhamisha kila kitu mjini, na hapo kijiji kimepoteza. Kunaweza pia kuwa na maana ya vyuo vitatu kuajiri profesa mmoja anayekaa, kununua vitabu pamoja, na kuacha wanafunzi wafanye staji katika shule zetu za karibu, muda mrefu kuliko sasa. Staji ndiyo nguvu ya chuo kidogo: shule ziko mlangoni, na mkuu wa shule anamjua mwanafunzi tangu utoto.

Mwaka jana niliomba wajumbe wa kikao chetu walizungumzie jambo hili kwa vyuo viwili vilivyo kwenye barabara moja, vya makanisa mawili. Liliandikwa chini ya «mengineyo». Saa kumi na mbili jioni mwenyekiti aliomba sala ya kufunga, na mengineyo hayakufikiwa.