Kujikunja sio kukunjwa

Haya wadau, nilipotea kidogo, mitihani ilinikaba. Leo nimerudi na jambo linaniwasha, na najua kuna watakaonuna. Nuneni tu.

Mnaopita hapa kila siku mnamjua mwenzangu wa chumba, yule Mmarekani anayepika wali bila chumvi. Mkataba wa chumba chetu hapa Arizona unaisha mwezi ujao na kodi imepandishwa. Jamaa kanunua gari-nyumba, haya wanayoyaita RV, mkweche kweli kweli. Anataka auze kila kitu ahamie humo moja kwa moja, na mimi niingie tugawane gharama. Kila nikimuuliza swali, jibu ni hilo hilo: "Uwe mwepesi wa kubadilika, tutajipanga huko huko."

Jamani, hiyo kauli imenichosha!

Sibishi kwamba maisha ya gari yanataka mtu anayejikunja. Gari likigoma, unalala lilipogomea. Ardhi nyingi ya serikali ya shirikisho huku unaruhusiwa kupiga kambi bure, lakini kwa kawaida ni siku 14 ndani ya siku 28, kisha uhame. Wastaafu wanaoujua mchezo huu, wakati wa baridi wanakaa jangwani Quartzsite, kwenye maeneo ya kukaa muda mrefu kwa kibali, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Joto likianza wanapanda milimani, kama huko Flagstaff, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ukiwaona utasema wanaenda na upepo tu. Wapi! Mstaafu yule ana pensheni, ana hela ya matairi, ana anwani ya kupokelea barua zake. Anajikunja kwa sababu ana pa kuegemea. Asiye na pa kuegemea hajikunji, anakunjwa.

Wikiendi iliyopita tulijaribu siku mbili. Usiku wa kwanza tuliegesha nje ya duka moja kubwa bila kuomba ruhusa. Saa nane usiku mlinzi akagonga, tukaondoka na usingizi machoni. Siku ya pili tangi la choo likajaa, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameuliza linamwagwa wapi. Tumezunguka na mzigo ule nusu siku tukichoma mafuta. Huo ndio wepesi wa kubadilika? Huo ni uvivu wa kuuliza.

Halafu kuna hili la kwangu. Mimi niko hapa kwa viza ya F-1. Nikihama, natakiwa niripoti anwani mpya chuoni ndani ya siku 10, na iwe mahali ninapoishi kweli, si sanduku la posta. Gari la kuhama kila wiki mbili niliandike wapi? Jamaa akikosea analipa faini. Mimi nikikosea naweza kurudi nyumbani bila digrii, na ng'ombe wa baba walishauzwa. Na hata yeye asijidanganye. Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala maeneo ya umma, hata kama hawana pengine pa kulala.

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Ubichi wenyewe ni huu: ufunguo wa chumba bado uko mfukoni. Lala kwenye gari wikiendi baada ya wikiendi, ukiwa na pa kurudi. Uza vitu kidogo kidogo, kitanda kiwe cha mwisho. Jua maji taka utayamwaga wapi, barua zitafika kwa nani, tairi likipasuka hela itatoka wapi. Hayo yasibadilike. Ukishayafunga, basi njia, tarehe na mahali pa kulala vibadilike utakavyo.

Jana nimemwambia sihamii. Kanuna mpaka usiku. Asubuhi nimemkuta anapiga simu kwa mama yake, anaomba barua zake zipitie kwake. Hajaniambia kitu, na mimi nimejifanya sikusikia.

Kama kuna anayetafuta mtu wa kugawana naye chumba, chumba chenye kuta na anwani, anistue. Wali nitapika mimi.