Kabla ya kumwita Olonana msaliti

Mwandishi mmoja amemwita Olonana, laiboni (kiongozi wa kidini) wetu, msaliti, akaendelea na mengine. Sisi Wamaasai wa Magadi hatuwezi kulipita jambo hili haraka hivyo. Vijana wanaocheza mchezo wa video wa Mass Effect huuliza inakuwaje Garrus, asiye binadamu, apande meli ya Cerberus, kundi linalotaka binadamu watawale wote. Jibu ni lile lile la laiboni wetu: alikuwa na adui aliye karibu zaidi. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe, ndui ikaua watu, na Sendeyo, ndugu wa Olonana, akampiga vita kwa ajili ya urithi wa baba yao Mbatiany. Waingereza wakamuunga mkono Olonana, huku wakiamini Mwafrika ni mtu wa chini. Mkataba wao wa 1904 na Wamaasai uliahidi ardhi ya kudumu. Wa 1911 ukawahamisha watu kutoka Laikipia na kuwaleta kusini. Mmaasai Ole Njogo na wenzake wakaishtaki serikali. Mwaka 1913 mahakama ikaamua kwamba Wamaasai si raia wa Uingereza, kwa hiyo haiwezi kuisimamia mikataba hiyo. Baada ya ushirikiano wote ule, wakahesabiwa taifa la kigeni! Hukumu hiyo ndiyo mwandishi alipaswa kuilaani kwanza.