Kiwanja cha Kigoma: Muuzaji Aseme Maji Yalifika Wapi

Ndugu wanaohamia Kigoma hutuuliza wanunue kiwanja wapi. Mwanga kuna soko na biashara. Ujiji, mji mkongwe, kuna misikiti na majirani wa siku nyingi. Tunakohofia ni ufukweni, kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga. Tangu 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda na kuingia katika makazi, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Muuzaji anayejua hayo akanyamaza ameficha aibu ya mali, na hilo ni haramu. Mnunuzi aliyefichwa ana khiyari: akubali, au arudishe kiwanja arejeshewe fedha zake. Waulizeni majirani kabla ya kulipa. Wallahu a'lam.