Maharage Hayatoki Sufuriani

Mwanangu amezaliwa Houston. Juzi nilikuwa napika chili ya kupeleka shuleni kwao, akaja jikoni akaninong'oneza: "Baba, usitie maharage. Watanicheka."

Kanuni ya Texas naijua. Nyama ya ng'ombe ya vipande, pilipili kavu zilizorowekwa zikasagwa, vitunguu, kitunguu saumu, bizari nyembamba, kisha moto mdogo mpaka nyama ilegee. Kuhusu nyanya wenyewe kwa wenyewe hawaelewani. Maharage ndiyo mwiko. Kwenye mashindano ya Terlingua, yaliyoanza mwaka 1967, ukiyatia umejitoa mwenyewe. Mwaka 1977 jimbo likaitangaza chili kuwa chakula chake rasmi. Sawa, siku nikienda kushindana nitatii.

Lakini waliowazoesha wageni chili ni akina mama wenye asili ya Meksiko, waliouza usiku kwenye viwanja vya San Antonio, na maharage yalikuwamo sahanini. Jiji likaja kuwaondoa kwa kanuni za afya. Leo mtu mwenye nyama kilo tano ananiambia maharage ni ya kuongezea wingi! Ndiyo, ni ya kuongezea wingi. Kwani wingi una aibu gani?

Ada yangu ya sekondari ililipwa kwa magunia ya maharage kutoka shamba la mama, Kasulu. Hilo mwanangu sikuwahi kumwambia. Kosa ni langu. Nilimwambia pale pale, mwiko mkononi. Akanyamaza.

Kisha nikamwagiza kopo la pili.