Redio za Kujitolea na Kiswahili cha Wakati wa Maafa

Wahenga walinena kuwa tahadhari ni kabla ya hatari. Katika sehemu nyingi za Kenya, hata hivyo, tahadhari hiyo imeegemezwa kwenye nguzo moja tu, nayo ni simu ya mkononi. Mlingoti wa simu huhitaji umeme. Mafuriko yakiangusha nyaya na betri za akiba zikaisha, tarafa nzima hugeuka bubu, na chifu aliye ng'ambo ya mto hana budi kungoja maji yapungue ndipo habari zake zisikike.

Hii ndiyo sababu waendeshaji redio wa kujitolea, yaani wanaredio wa ridhaa, wanastahili kuangaliwa upya. Hawa ni raia wenye leseni ya kurusha mawimbi bila malipo; nchini Kenya vitambulisho vyao vya hewani huanza kwa 5Z. Mtambo wao hutosheka na betri ya gari na waya uliotundikwa mtini. Mawimbi mafupi hulipiga tabaka la juu la angahewa na kurejea ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka, pasipo mlingoti wowote katikati. Desemba 2004, kikundi cha wanaredio wa India kikiongozwa na Bharathi Prasad kilikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, kikiwasiliana na wapenzi wenzao wa redio duniani. Tsunami ilipopiga tarehe 26, kikaacha mchezo na kuanza kupitisha habari za waathiriwa na za waliosalimika. Mitambo ilikuwa imekwisha kufungwa nayo inafanya kazi. Hakuna aliyeanza kutafuta waya siku hiyo.

Wanaotetea mpango kama huo huzungumzia mitambo, leseni na masafa. Ni nadra kusikia swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili angeliuliza kwanza: ujumbe utatolewa kwa lugha gani? Kanuni za usemaji wa redioni zimesukwa kwa Kiingereza, ilhali mzee wa kijiji na nahodha wa mtumbwi watakuja mtamboni na Kiswahili chao, tena wakihema.

Nacho Kiswahili kina mitego yake hewani. Zitazamwe amri mbili, "mvuke" na "msivuke". Kinachozitenga ni silabi moja, nayo huanza kwa sauti ya mkwaruzo ambayo kelele za redio huimeza kwa wepesi. Ikimezwa, katazo hugeuka ruhusa. (Kwamba neno linalosalia ni pia jina la kitu kitokacho kwenye birika ni mzaha wa darasani, ukingoni mwa Mto Tana, ambako mashua ilipinduka na kuua abiria wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, hakuna wa kuucheka.) "Tatu" na "tano" nazo huanza kwa silabi ile ile, na mwokoaji anayetafuta watu juu ya paa anahitaji kujua tofauti. La hatari zaidi ni saa. Saa tisa alasiri huandikwa 15:00 nchini, na 12:00 katika daftari la mwanaredio afuataye saa ya kimataifa. Karani akiandika 9:00, waokoaji watangoja hadi kesho asubuhi.

Dawa ipo. Katazo litolewe kwa neno zito: "marufuku kuvuka", "bakini mlipo". Idadi irudiwe mara mbili, na saa itajwe pamoja na wakati wa siku. Hata hivyo, mapendekezo ya mezani hayatoshi, yafaa yajaribiwe. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wanafonolojia chipukizi ambao hufanyia mazoezi mifano iliyochakaa. Viwaalike wanaredio wenye leseni, jumbe zisomwe huku kelele zikizidishwa, na yahesabiwe maneno yanayopotea, kisha orodha iliyofaulu ikabidhiwe machifu na Shirika la Msalaba Mwekundu kabla ya masika. Mwanafunzi asiye na leseni hatashika kipaza sauti. Atasikiliza na kunakili, na katika daftari lake ndimo makosa yatakamoonekana.