Tenga Chumba cha Mchezo, Usifunge Nyumba

Katika shule ya sekondari iliyojaliwa kuwa na chumba cha kompyuta, aghalabu amri ya kwanza aisikiayo mwanafunzi ni kwamba michezo ni marufuku. Amri hiyo ina sababu zake, na walimu wanaoitoa hawastahili kulaumiwa. Hata hivyo, yapo mambo yaitwayo mchezo kwa kuwa tu yanapendeza, ilhali ndani yake mna somo zima la fizikia. Miongoni mwao ni mchezo wa kuiga urubani, ambao humkalisha mwanafunzi mbele ya kioo cha kompyuta na kumkabidhi usukani wa ndege. Maoni yetu ni kwamba mchezo huo unastahili nafasi katika kompyuta za shule, hususan hapa Dodoma na katika uwanda wote wa juu wa kati, mradi utengewe sehemu yake peke yake katika diski.

Kuiga urubani hakukuanza kama burudani. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha vinanda, alitengeneza sanduku lenye umbo la ndege, lililoyumbishwa kwa mivukuto, ili mwanafunzi ajifunze urubani kabla miguu yake haijaiacha ardhi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia marubani wengi sana walifunzwa kwa chombo hicho. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa mchezo wake wa kwanza wa namna hiyo kwa kompyuta za mezani. Tangu miaka ya 1990 wapenzi wa urubani wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiunda FlightGear, programu itolewayo bure, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichunguza na kuirekebisha. Shule haihitaji kununua leseni ili kuitumia.

Sasa tutazame faida yake kwa mwanafunzi wa Dodoma. Mji huu uko kwenye kimo cha takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Joto likiwa nyuzi 30 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa kavu huko Dar es Salaam ina tungamo la kilo 1.16 hivi, katika joto hilo hilo hapa Dodoma ina kilo 1.02 tu. Upungufu huo ni kama asilimia 12. Nguvu inayoinua ndege hutegemea wingi wa hewa inayopita kwenye mabawa, pamoja na mraba wa mwendo wa ndege. Kwa hiyo, ndege ndogo ambayo Dar es Salaam huinuka ikiwa na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hapa Dodoma haina budi kufikia kilomita 107 hivi. Tena injini yake ya pistoni hupata hewa pungufu na kudhoofika, hivyo ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka.

Mwalimu aweza kuyaandika hayo yote ubaoni, na wanafunzi wakayanakili. Lakini wakiweka ndege ile ile katika kiwanja cha Dar es Salaam, ambacho alama yake ni HTDA, kisha katika kile cha Dodoma, HTDO, wakapanga joto na uzito ule ule na kupima umbali wa kukimbia, watakuwa wamefanya jaribio. Zaidi ya hayo, wataona ajabu moja: kipimo cha mwendo kilichomo ndani ya ndege kitaonyesha karibu tarakimu ile ile katika viwanja vyote viwili wakati wa kuinuka. Hapo swali litazuka lenyewe, na mwalimu atapata nafasi ya kueleza kwamba kipimo hicho hupima kani ya hewa inayokigonga, wala hakihesabu kilomita za ardhini.

Je, hofu ya walimu inatoka wapi? Inatoka katika diski. Kompyuta ya shule mara nyingi ndiyo hiyo hiyo iliyohifadhi alama za mitihani na majina ya wanafunzi. Nayo michezo ya urubani ni mizito: toleo la Microsoft la mwaka 2020 lilitaka nafasi ya gigabaiti 150. FlightGear huanza na nafasi ndogo zaidi, lakini mandhari ya nchi hupakuliwa kidogo kidogo, na mwanafunzi azungukaye dunia aweza kuijaza diski bila kukusudia. Diski iliyo na mfumo endeshi ikijaa, kompyuta huzorota, na kazi mpya hukosa pa kuhifadhiwa.

Dawa ya hofu hiyo ni kuigawa diski. Tembe la Kigogo lina paa moja refu, lakini ndani yake kuta hugawa vyumba. Vivyo hivyo, diski moja yaweza kugawanywa katika sehemu mbili au zaidi, ambazo mafundi huziita patisheni, na kompyuta ikaiona kila sehemu kama diski inayojitegemea: moja ikaitwa C, nyingine D. Mfumo endeshi na kumbukumbu za ofisi hubaki katika C. Mchezo na mandhari yake huwekwa katika D. D ikijaa, C haipungukiwi. Mchezo ukiharibika, D yaweza kufutwa yote na kupangwa upya, na alama za kidato cha nne zisiguswe.

Kazi hiyo yataka utaratibu. Kwanza, kumbukumbu zote zinakiliwe kwenye diski ya nje, na nakala zifunguliwe ili kuthibitisha kwamba zinasomeka. Pili, umeme uwe wa kuaminika, maana ukikatika wakati diski inagawanywa, hasara yaweza kuwa kubwa; kompyuta ya mapajani yenye betri iliyojaa ina nafuu hapo. Tatu, chombo cha kusimamia diski kilichomo ndani ya Windows kitumike kupunguza sehemu C na kuunda sehemu mpya katika nafasi iliyopatikana. Nne, wakati wa kusimika mchezo, fundi aelekeze D mahali pa programu na pia mahali pa mandhari, kwa sababu asiposema neno, programu nyingi hukimbilia C. Mwisho, wanafunzi wapewe akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi.

Hata hivyo, ukuta usisifiwe kupita kiasi. Vyumba viwili viko chini ya paa moja, na paa likianguka huanguka juu ya vyote. Diski ikifa, C na D hufa pamoja. Virusi navyo huweza kuvuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kwa hiyo kugawa diski hakuondoi wajibu wa kuweka nakala nje ya kompyuta, ikiwezekana katika kabati la jengo jingine.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta ni chache na wanafunzi ni wengi, hivyo mchezo utawanyima wengine nafasi. Hoja hiyo ina uzito. Jibu lake ni kwamba kompyuta moja yatosha kundi zima, endapo kundi hilo litakuja na swali lililoandikwa na jedwali la kujaza: mmoja arushe, mwingine asome vipimo, wa tatu aandike. Anayekuja bila swali asubiri zamu nyingine.

Nchi yetu inaujua uzito wa makatazo. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matumizi ya mashine hizo katika hesabu za Serikali kuleta matatizo na hasara, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Hasara ile ilikuwa ya kweli, na hofu ilikuwa na msingi. Lakini katazo halikumfundisha mtu namna ya kuitawala mashine. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, na wataalamu walipaswa kufundishwa hata hivyo.

Tusirudie njia hiyo katika vyumba vyetu vya kompyuta. Mwanafunzi anayejifunza kutenga diski, kulinda kumbukumbu za wenzake na kisha kupima kimo cha mji wake kwa mbio za ndege, amejifunza mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Walimu wa sekondari wa Dodoma, Singida na kwingineko uwandani tunawaomba waanze na kompyuta moja, muhula mmoja, na jaribio moja. Matokeo yake wayabandike ukutani, pale pale lilipobandikwa tangazo la marufuku.